Kitabu cha Sheria si Mwalimu
Juu ya mchezo wa vita uitwao Advanced Squad Leader

Kuna michezo ambayo sheria zake ni chache na akili yake ni nyingi. Kisolo ni wa namna hiyo. Mtoto akiketi karibu na wazee jioni moja tu, atajua namna ya kuchota mbegu, kuzipanda shimo kwa shimo, na kula za mwenzake. Hakuna kitabu. Lakini toka jioni ile ataendelea kushindwa na mzee yule yule kwa miaka, kwani kujua sheria za mchezo si kujua kucheza.

Kuna michezo mingine ambayo sheria zake zenyewe ni mlima. Mtu hupanda mwaka mzima, na akifika kileleni huona kwamba mchezo wenyewe ungali mbele yake. Mmoja wa michezo hiyo ni Advanced Squad Leader, mchezo wa vita wa mezani uliotoka Marekani mwaka wa 1985, na ambao watu wa nchi nyingi wangali wanaucheza. Wengine wanausifu kuliko yote ya namna yake. Wengine wamefungua kitabu chake mara moja, wakakifunga, wasikifungue tena.

Katika kurasa hizi nataka kuupima mchezo huo, hasa kitabu chake cha sheria, na njia ambayo mtu anajifunza kwayo. Neno langu ni hili: kitabu kile ni hakimu mwema sana, lakini ni mwalimu mbaya. Anayekitumia kama hakimu atafurahi. Anayekaa mbele yake kama mwanafunzi, akingoja kufundishwa, atachoka bure. Na jambo hili halihusu mchezo mmoja tu. Linamhusu kila mtu anayejifunza kazi ngumu kwa kitabu kinene.

1. MCHEZO WENYEWE

Mchezo huu ni juu ya Vita Kuu ya Pili, ya mwaka wa 1939 hadi 1945. Si vita vya majemadari wanaosukuma majeshi juu ya ramani ya nchi nzima. Ni vita vya mtaa mmoja, shamba moja, nyumba moja. Mezani hutandazwa ramani ya kartoni iliyogawanywa katika vyumba vidogo vya pembe sita, kama sega la nyuki. Kila chumba ni mita 40 za nchi: hapa msitu, pale barabara, pale nyumba ya mawe.

Juu ya ramani huwekwa kete za kartoni. Kete moja ni kikosi cha watu kama kumi. Imeandikwa tarakimu tatu. Kikosi cha kawaida cha Kijerumani kina 4-6-7. Ya kwanza ni nguvu ya kupiga risasi, ya pili ni umbali wa kupiga, ya tatu ni kiasi cha moyo. Kikosi cha kawaida cha Kiamerika kina 6-6-6. Kuna kete za wakubwa wa vikosi, za bunduki za rashasha, za mizinga, za vifaru, ni kusema magari ya chuma. Mambo mengi ya mashaka huamuliwa kwa dadu mbili, na mara nyingi hesabu ndogo ndiyo njema.

Zamu moja ya mchezo ni kama dakika 2 za vita. Kila mchezaji, zamu yake ikifika, hupita katika sehemu nane, moja baada ya nyingine: kuwatuliza waliovunjika moyo, kupiga kwa matayarisho, kwenda, adui kujibu kwa moto, kupiga baada ya kwenda, kukimbia kwa waliovunjika moyo, kusogea chumba kimoja, na mwisho kupambana mkono kwa mkono. Msomaji akizishika sehemu hizi nane, amekwisha shika uti wa mgongo wa mchezo. Yaliyobaki yote ni nyama.

Lakini nyama ile ni nyingi! Kitabu kimefungwa katika jalada lenye pete, ili kurasa ziweze kutolewa na nyingine kutiwa. Sura A ni ya askari wa miguu. Sura B ni ya nchi: miti, nyumba, vilima, mito. Sura C ni ya mizinga. Sura D ni ya magari ya vita. Sura E ni ya mambo ya pembeni, kama usiku, hali ya hewa na mashua. Baadaye zikaja F kwa jangwa la Afrika ya Kaskazini, na G kwa vita vya bahari ya Pasifiki. Tena kitabu peke yake hakitoshi: ramani na kete hununuliwa katika masanduku mengine.

2. UGOMVI WA ZAMANI

Kwa nini kitabu kimekuwa kikubwa hivi? Ili kujibu, yafaa kurudi nyuma, kwani ugomvi huu ni wa zamani.

Mwaka wa 1812, katika nchi ya Prussia, bwana mmoja jina lake von Reisswitz alimwonyesha mfalme Friedrich Wilhelm III mchezo wa vita juu ya meza. Mwanawe, aliyekuwa ofisa wa mizinga, akautengeneza upya akatoa sheria zake mwaka wa 1824. Yeye naye alihesabu zamu moja kuwa dakika 2. Jenerali von Müffling, mkuu wa maofisa wa jeshi, alipouona aliupenda, akausifu kwa jeshi lote kama mafundisho ya kazi.

Katika mchezo ule palikuwa na mtu wa tatu mezani: mwamuzi. Wachezaji walimwandikia amri zao. Yeye alitazama sheria, akatupa dadu, akawaambia yaliyotokea. Lakini sheria zilizidi kuongezeka, na maofisa wakachoka kupekua orodha za hesabu. Basi mwaka wa 1876 Jenerali von Verdy du Vernois akaleta shauri jingine: tuache orodha na dadu, tumwachie mwamuzi mwenye ujuzi aamue kwa akili yake. Toka hapo kukawa na njia mbili. Ya kwanza ilitegemea sheria, ya pili ilitegemea mtu.

Kila njia ina gharama yake. Ukitegemea mtu, mchezo ni mwepesi na wa haraka, lakini mwamuzi akiwa mjinga au mwenye upendeleo, haki imekufa. Ukitegemea sheria, haki ni ile ile kwa wote, lakini mzigo wa mwamuzi unahamia katika kitabu.

Advanced Squad Leader hauna mwamuzi. Wachezaji ni wawili tu, na kila mmoja anataka kushinda. Hapo ndipo ilipo siri ya unene wa kitabu chake. Kila swali ambalo mwamuzi angelijibu kwa neno moja, kitabu hakina budi kulijibu kabla halijaulizwa. Je, kikosi kilicho ghorofani chaweza kumwona adui aliye nyuma ya ukuta? Mtu aliyevunjika moyo akimbilie wapi, kama njia zote ni za wazi? Kifaru kikiungua barabarani, moshi wake unazuia macho kiasi gani? Kitabu kimejibu yote. Wengi wamekilaumu kwa unene. Mimi sikilaumu kwa hilo. Aliyemfukuza mwamuzi hana haki ya kunung'unika kwamba sheria ni nyingi.

3. SIFA ZA KITABU

Kitabu hiki kina sifa zake, nasi tuzitaje kwanza.

Sifa ya kwanza ni utaratibu. Kila sheria ina herufi na hesabu yake. Mabishano yakizuka, wachezaji hawapigi kelele. Hufungua mahali palepale, wakasoma, wakaendelea.

Sifa ya pili ni sheria yake juu ya makosa. Imewekwa mapema kabisa, nayo yasema kwamba kosa likipita bila kuonekana, mchezo ukaendelea mbele, tokeo linabaki lilivyo. Hakuna kurudi nyuma kufufua kesi. Watu waliotunga sheria nyingi hivi walijua kwamba hakuna atakayezishika zote bila kosa, wakatengeneza mlango wa amani kati ya marafiki. Hii ni hekima.

Sifa ya tatu ni shauri wanalompa msomaji kwamba ashike yale ambayo sheria zinaruhusu, asijitungie mengine kwa sababu tu hayakukatazwa. Bila shauri hilo, mjanja angepata mwanya katika kila aya.

Sifa hizi tatu ni za namna moja. Zote ni sifa za hakimu: utaratibu, amani, kuziba mianya. Hakuna hata moja iliyo ya mwalimu.

4. KASORO ZAKE

Kasoro ya kwanza ni lugha yake. Kitabu kimeandikwa kwa Kiingereza, lakini hata Mwingereza hana budi kujifunza lugha mpya. Maneno yamekatwa yakabaki herufi: LOS, TEM, FFMO, FFNAM, na mengine mengi mno. Msomaji hukuta sentensi moja yenye vifupisho vitano, naye hajui hata kimoja. Anakwenda kutafuta maana ya cha kwanza, na maana ile ina vifupisho vingine viwili. Anayekwisha jua hufurahi, kwani asoma upesi. Asiyejua ni kama mtu aliye nje ya nyumba, akisikia wenyeji wakicheka.

Kasoro ya pili ni kwamba jambo moja limetawanyika mahali pengi. Tuseme mchezaji anataka kuvusha kikosi barabara, chini ya moshi, hadi katika nyumba. Mwendo uko A4. Moto wa adui uko A8. Kupima moyo kuko A10. Moshi uko A24. Barabara iko B3. Nyumba ziko B23. Kwa hakimu mpango huu ni mwema, kwani kila kitu kina kabati lake. Lakini askari havuki makabati. Havuki ila barabara.

Kasoro ya tatu ndiyo kubwa kuliko zote: kitabu hakitofautishi kati ya shina na majani. Sheria itakayotumika kila dakika imeandikwa kwa herufi zile zile na kwa sauti ile ile kama sheria itakayotumika mara moja kwa miaka miwili. Mara nyingi sentensi inaanza na sheria, kisha inafuata orodha ndefu ya mambo yasiyo chini yake. Mwanafunzi hajui lipi alishike na lipi aliache. Basi hushika yote kwa nguvu sawa, na kwa hiyo yote yanamponyoka.

Tena haikuwa hivi tangu mwanzo. Mchezo mama, Squad Leader, uliotungwa na John Hill ukatolewa na nyumba ya Avalon Hill ya Baltimore mwaka wa 1977, ulikuwa na ngazi. Ulikuwa na mapigano kumi na mawili yaliyopangwa kwa taratibu. Mwanafunzi alisoma sheria chache, akacheza pigano la kwanza, ambalo ni vita vya nyumba kwa nyumba katika mji wa Stalingrad mwaka wa 1942. Kisha akasoma sheria chache nyingine, akacheza la pili. Vifaru vilingoja mpaka askari wa miguu wamezoeleka. Huyo alikuwa mwalimu! Lakini zikaja nyongeza tatu, moja juu ya nyingine. Kila nyongeza ilirekebisha sheria za nyuma, hata watu wakawa hawajui tena ipi ingali na nguvu. Mwaka wa 1985 Don Greenwood na wenzake walikusanya yote, wakayasafisha, wakayapanga upya katika kitabu kimoja. Walifanya kazi njema na ya lazima. Lakini walipojenga jengo, waliivunja ngazi.

Miaka kumi na tisa ikapita. Avalon Hill ilinunuliwa na Hasbro mwaka wa 1998, na mchezo ukashikwa na nyumba ya Multi-Man Publishing. Hawa, mwaka wa 2004, walitoa sanduku dogo la wanaoanza, lenye askari wa miguu tu na sheria za kurasa chache. Mwaka wa 2005 likafuata la mizinga, na mwaka wa 2007 la vifaru. Ngazi imerudi. Hukumu ya haki yataka tuseme hivyo. Ila yataka pia tuseme kwamba kurudi kwake ni ushahidi: kama kitabu kikubwa kingalifundisha, nani angalihitaji kidogo?

5. SHERIA SI AKILI YA VITA

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wanaoanza hulisahau. Tuseme mtu amejua sheria zote. Je, anajua kucheza? Hata kidogo. Tuchukue mfano mmoja, tuutazame polepole.

Wajerumani wako ndani ya nyumba ya mawe, kikosi kimoja, nguvu yake 4. Mbele yao barabara ya wazi. Waamerika wako msituni upande wa pili, vikosi vitatu, nao wanataka nyumba ile. Muda wao ni zamu chache tu.

Anayeanza hufanya moja kati ya mambo mawili. La kwanza: anavipigisha vikosi vyote vitatu kwa matayarisho, zamu baada ya zamu. Lakini sheria yasema aliyepiga kwa matayarisho haendi tena katika zamu ile. Ukuta wa mawe unaongeza 3 juu ya dadu. Ukitupa 7, ambayo ndiyo hesabu inayotokea mara nyingi kuliko zote, inakuwa 10, na kwa nguvu ya kikosi kimoja 10 ni bure. Zamu zinakwisha, hakuna aliyeinuka, na mchezo umeshindwa kwa saa, wala si kwa risasi.

La pili: anakasirika, anavikimbiza vikosi vyote barabarani kwa pamoja. Hapo Mjerumani anapiga. Wanaokimbia bila hadhari, dadu inapunguzwa 1. Walio mahali pa wazi, inapunguzwa 1 nyingine. Ile ile 7 sasa ni 5, na 5 inawalazimisha kupima moyo. Moyo wao ni 6. Hata katika kipimo cha kawaida, kati ya namna 36 za kuanguka kwa dadu mbili, 21 zitawavunja. Tena moto ule hauishi hapo. Nusu ya nguvu, ni kusema 2, inabaki katika chumba kile, ikingoja atakayekanyaga nyuma yao.

Mwenye akili hufanyaje? Hutazama sheria zile zile, akauliza: ni ya nini hii? Kikosi cha kwanza, kikiwa bado ukingoni mwa msitu, kinajaribu kutupa bomu la moshi barabarani. Waamerika hufaulu kwa dadu moja ya 1, 2 au 3, ni kusema nusu ya mara zote. Moshi unaongeza 2, tena unaifuta ile 1 ya mahali pa wazi. Ile 7 ambayo ilikuwa 5, sasa ni 8. Kikosi cha pili kinavuka ndani ya moshi. Mjerumani ana mashaka: nipige sasa, au ningoje? Akipiga, amejifunua na moto wake umepungua kwa wanaofuata. Asipopiga, adui amefika mlangoni. Kikosi cha tatu hakikwenda popote. Kilikuwa kimekwisha piga kwa matayarisho kabla ya wenzake kuondoka, si kwa tumaini la kuua, bali kwa tumaini la kumyumbisha adui. Na mwisho wa zamu iko ile sehemu ya saba, ya kusogea chumba kimoja, ambamo hakuna anayeruhusiwa kupiga. Anayeanza huona ni sehemu ndogo tu. Mzoefu hupanga zamu yake yote kwa ajili yake.

Angalia vema. Hakuna sheria hata moja iliyosema: vukeni mmoja mmoja, wa nyuma amlinde wa mbele, msipoteze muda. Mambo hayo hayakuandikwa popote. Lakini yanazaliwa na sheria, kama vile njia nzuri ya kucheza kisolo inavyozaliwa na mashimo na mbegu. Huo ndio uzuri wa kazi ya John Hill. Hakujisumbua kuhesabu kila risasi. Alitaka tokeo lifanane na tokeo la kweli. Mwanafunzi anayeuliza siku zote, “Je, naruhusiwa?” atabaki karani. Anayeuliza, “Sheria hii yanilipa nini, na yanitoza nini?” amekwisha anza kucheza.

6. UKWELI NA UONGO WA MCHEZO

Lakini mchezo wa vita haupimwi kwa utamu peke yake. Vita si mbegu za kisolo. Wasomaji wetu wengi hawahitaji ramani ya kartoni ili kujua vita ni nini. Basi tuulize: mchezo huu wasema kweli?

Katika jambo moja wasema kweli kuliko vitabu vingi vya hadithi: wengi hawafi, huvunjika moyo. Kikosi kilichopigwa hugeuzwa upande wa pili wa kete, nacho hakipigi tena. Kinakimbilia mitini au nyumbani, na huko kinangoja mkubwa wa kukituliza. Kete ya mkubwa ni ya mtu mmoja tu, lakini bila yeye kikosi kizima ni mzigo. Anayecheza mara kumi hujifunza kumtunza mkubwa wake kuliko bunduki zake, na hilo ni fundisho la kweli juu ya watu.

Katika mengine mchezo ni kipofu. Mchezaji anaona uwanja wote toka juu, kama ndege. Askari wa kweli haoni hivyo. Watu wenye nyumba ile ya mawe hawako, wala watoto wao. Nyumba ni namba tu. Njaa nayo haiko. Askari wa Force Publique waliofika Saio katika Abisinia mwaka wa 1941 walijua kwamba chakula na njia ndefu ni nusu ya vita. Mezani nusu hiyo haionekani. Mtu anayeijua kasoro hii atacheza kwa amani. Asiyeijua aweza kuinuka mezani akidhani kwamba vita ni jambo safi.

Kuna jambo jingine la kulitazama kwa uangalifu. Mchezo umeyapa mataifa tabia zao kwa hesabu. Mwamerika ana moyo wa 6 akiwa mzima, lakini 8 akivunjika, ni kusema huvunjika upesi na hutulia upesi. Mjapani mara nyingi havunjiki kama wengine, bali kikosi chake hupungua nguvu na kuendelea. Watungaji walisoma habari za vita, wala hawakutaka kumtukana mtu. Ni kweli pia kwamba majeshi hufundishwa kwa namna mbalimbali. Lakini kutoka “jeshi hili lilifundishwa hivi” hadi “watu hawa ndivyo walivyo” ni hatua fupi. Majeshi mengi ya kikoloni yalikuwa na orodha za makabila ya vita na makabila yasiyo ya vita, nasi twajua orodha zile zilileta nini. Basi anayecheza asome tarakimu ile kama habari ya jeshi moja katika mwaka mmoja. Asiisome kama hukumu juu ya taifa. Hapa kitabu, kinachoeleza kila kitu, kingalifaa kueleza zaidi.

7. SHAURI KWA ANAYEANZA

Mwenye hamu ya kujifunza mchezo huu afuate njia hii.

Kwanza, asianze na kitabu kikubwa. Aanze na sanduku dogo la 2004. Ndani yake limo pigano la Vierville, katika Normandie ya mwezi wa Juni 1944, lenye vikosi vichache tu. Hilo latosha kufundisha sehemu zote nane.

Pili, alicheze pigano lile lile mara tatu au nne, akibadili upande. Mara ya kwanza atatafuta sheria. Mara ya pili atatafuta njia. Mara ya tatu ataanza kumtazama mwenzake, na hapo mchezo umeanza.

Tatu, asijaze kichwa kwa mambo ambayo hayamo katika pigano la leo. Kama hakuna mto, asisome habari za mashua. Kama ni mchana, usiku ungoje.

Nne, kila akishika sheria mpya, aandike kwa maneno yake mwenyewe ni ya nini. Asipoweza kuandika hivyo, bado hajaielewa, hata kama anaijua kwa moyo toka neno la kwanza mpaka la mwisho.

Tano, na hili ni kubwa kuliko yote, amtafute mwenzi aliyetangulia. Mzoefu mmoja mwenye subira, akisema, “Hilo acha leo, tutaliona wiki ijayo,” anafanya kwa neno moja kazi ambayo kitabu chote hakiwezi. Yeye ndiye anayejua shina ni lipi na majani ni yapi. Na mzoefu naye asijivunie vifupisho vyake. Yeye pia alikuwa nje ya nyumba, na mtu alimfungulia mlango.

Hukumu yangu basi ni hii. Advanced Squad Leader ni mchezo mkubwa, wenye ukweli mwingi ndani yake na upofu kadhaa. Kitabu chake kimeheshimu sana haki ya wachezaji wawili wanaobishana, na kimemsahau mtu wa tatu, yule anayeanza. Kasoro hiyo haiponi kwa kuongeza kurasa. Inapona kwa watu kuketi pamoja mezani, mwenye kujua karibu na asiyejua, kama wazee wanavyoketi na watoto kando ya kisolo.